Namna ya Kukataa, na ya Kupokea Kukataliwa, Ukiwa India

Mtu anayetoka Dar es Salaam, Mombasa au Lubumbashi kwenda India kusoma, kutibiwa au kununua bidhaa hujiandaa kwa viza, fedha na joto, lakini ni nadra aandaliwe kwa jambo litakalomkuta kila siku, yaani kukaribishwa, kuombwa na kubembelezwa na watu ambao hawapendi kutamka "hapana" waziwazi, na ambao huwawia vigumu kuipokea wanapoambiwa. Mwongozo huu unahusu pande zote mbili: jinsi ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima, na jinsi ya kutambua na kukubali kwamba wewe ndiye uliyekataliwa. Naamini upande huo wa pili ndio mgumu zaidi, na ndio unaopuuzwa.

India ina lugha 22 zilizoorodheshwa katika katiba yake, na desturi za Punjab si za Tamil Nadu. Ninayoyaeleza yanahusu zaidi maisha ya mijini, katika familia za kipato cha kati, ambako mgeni wa kutoka Afrika Mashariki huishia mara nyingi.

Hatua ya kwanza: tenganisha jambo na mtu

Katika familia nyingi za Kihindi uamuzi wa mtu mmoja huhesabiwa kuwa ni wa nyumba nzima, na swali linalosikika kabla ya uamuzi wowote ni "log kya kahenge", watu watasemaje. Mtoto hulelewa akijua kwamba kumjibu mkubwa "sitaki" ni utovu wa adabu, hata kama anachokataa ni kijiko cha pili cha wali. Kwa upande mwingine kuna fundisho la kale, "atithi devo bhava", linalotoka katika Taittiriya Upanishad, linalomtaka mwenyeji amtendee mgeni kama mungu. Mambo hayo mawili yakikutana, anayekataa kitu huonekana amemkataa aliyekitoa.

Wahenga wetu walishatupa ufunguo wa jambo hili waliposema usikatae wito, kataa neno. Itikia mwito kwanza: tabasamu, mwite mtu kwa jina la undugu linalomstahili, yaani "bhaiya" kwa mwanamume wa rika lako au mkubwa kidogo, "didi" kwa mwanamke, "uncle" na "aunty" kwa wenye umri wa wazazi wako, na uongeze "ji" mwishoni mwa jina la mtu unayemheshimu. Shukuru kwa kukumbukwa. Kisha likatae lile jambo kwa sentensi moja fupi. Viganja viwili vikikutanishwa mbele ya kifua pamoja na maneno "maaf kijiye", yaani niwie radhi, huweza kukataa karibu kila kitu, kuanzia mchango usioutaka hadi kikombe cha tano cha chai.

Neno lenyewe la kukataa hubadilika kwa mahali. Kihindi husema "nahin", na ukiongeza "ji" ukasema "nahin ji" linakuwa laini. Pune utasikia "nako", Chennai "vendam", Hyderabad "vaddu" na Bengaluru "beda". Jifunze la mji uliopo, kwa kuwa mgeni anayekataa kwa lugha ya wenyeji husamehewa mengi.

Hatua ya pili: anza kujifunza mezani

Mezani ndipo pa kujifunzia, kwa kuwa hasara ya kukosea ni tumbo kujaa kupita kiasi tu. Katika nyumba nyingi mama mwenye nyumba hali pamoja na mgeni. Husimama karibu na upawa mkononi, na kila sehemu ya sahani inapobaki wazi huijaza: dengu, kisha mboga, kisha chapati nyingine iliyopakwa samli ikiwa bado inatoa mvuke. "Nahin" yako ya kwanza haihesabiki, kwa kuwa inachukuliwa kuwa ni haya ya mgeni mwenye malezi mema, na mwenyeji anayeikubali papo hapo ataonekana bahili. Ya pili husikika nusu. Ya tatu ndiyo hujadiliwa.

Kwa hiyo omba kidogo mwanzoni, kula polepole, na usiimalize sahani yote kabla hujawa tayari kuongezewa, kwa sababu sahani tupu ni ombi. Sifu chakula kimoja kwa jina lake. Sifa hiyo itakufaa zaidi kuliko maelezo marefu kuhusu tumbo lako. Unapofika mwisho, tandaza kiganja juu ya sahani bila kuigusa na useme "bas, bas". Mkono huo husema kwa uwazi ambao mdomo hauruhusiwi kuwa nao. Kusini, unapolishwa juu ya jani la mgomba, kulikunja jani kuelekea upande wako baada ya kula ni ishara kwamba umeridhika na umemaliza.

Zipo sababu zinazokubalika mara moja, nazo zote ni za dini au za afya. Mhindu akisema leo ana "vrat", yaani mfungo, hakuna atakayemlazimisha. Mwislamu akisema ana "roza" ataeleweka vivyo hivyo, na mwenye kisukari anayeomba chai isiyo na sukari hatawashangaza watu. Peremende za furaha na "prasad", chakula kilichotolewa hekaluni, ni nzito zaidi kukataa, kwa kuwa unapewa baraka na kushirikishwa heri ya nyumba. Kama imani yako inakuzuia kula prasad, ipokee kwa mkono wa kulia, shukuru, na baadaye mpe anayeila. Lakini ukiulizwa kwa nini huli, sema ukweli kwa upole. Wahindi wameishi karne nyingi na majirani wa dini mbalimbali, na wengi wao wanajua kuheshimu mwiko wa mtu.

Wewe ukiwa mwenyeji wao, geuza mafunzo hayo. Mkaribishe mara mbili, kisha nyamaza. Asiyekula nyama usimwondolee vipande vya nyama kwenye mchuzi ukadhani umemheshimu, kwa maana kwake chungu chote ni cha nyama. Mjaini, yaani mfuasi wa dini ya Jaini, akiwa mshika dini hali vitunguu, kitunguu saumu wala viazi, na wengi wao hawali baada ya jua kutua. Ukimwalika saa mbili usiku unamlazimisha akukatalie. Pombe usiisisitize kwa mtu yeyote. Katika majimbo ya Gujarat na Bihar imepigwa marufuku, Bihar tangu mwaka 2016 na Gujarat tangu jimbo hilo lilipoundwa mwaka 1960, na anayekataa glasi huenda anakukinga na kesi.

Hatua ya tatu: usitoe udhuru unaoweza kutatuliwa

Hapa ndipo wageni wengi hunaswa. Ukialikwa harusini ukasema huna usafiri, mtu atatumwa na pikipiki kukuchukua. Ukisema huna nguo, utaletewa kurta, shati refu la Kihindi, iliyopigwa pasi. Ukisema una mtihani, utaahidiwa kurudishwa mapema. Hawakulazimishi kwa ubaya. Umewaeleza tatizo, nao kwa ukarimu wao wamelitatua, na sasa huna pa kutokea. Udhuru unaotatulika husikika kama ombi la msaada.

Sema badala yake jambo lisilo na mlango wa pembeni: "Nimefurahi sana kualikwa, lakini safari hii sitafika. Nitakuja kuwaona maharusi wiki ijayo." Shukrani, uamuzi, na njia nyingine ya kudumisha uhusiano. Wakirudia, nawe rudia sentensi ileile kwa sauti ileile, bila kuongeza sababu mpya, kwa kuwa kila sababu mpya unayoitoa itajadiliwa upya.

Kwenye fedha kuna ufundi wa kuigwa. Katika maduka madogo ya India hubandikwa maandishi yasemayo "aaj nagad, kal udhaar", leo taslimu, kesho mkopo, na kesho hiyo, kama ile ya vibao vya maduka yetu, haifiki. Kibao kimeshakataa kabla mteja hajafungua mdomo, na hakuna aliyeaibika. Fanya hivyo kwa wanaoishi nawe: tangaza kanuni kabla ya ombi kuja. Mwanafunzi anayesema tangu siku ya kwanza hosteli kwamba hakopeshi fedha ya ada atakuwa na mwaka mtulivu kuliko anayemkatalia rafiki mmoja baada ya mwingine.

Hatua ya nne: sikia hapana isiyotamkwa

Mfanyabiashara anayeulizia mzigo Surat au Mumbai, na mwanafunzi anayefuatilia cheti katika ofisi ya chuo, wote huumizwa na jambo moja: wanangoja kuambiwa hapana wakati wameshaambiwa. "Dekhte hain", tutaona. "Koshish karenge", tutajaribu. "Thoda mushkil hai", ni vigumu kidogo. Maneno hayo, yakitamkwa bila tarehe wala jina la mhusika, mara nyingi ndiyo jibu. Kutikisa kichwa huku na huku kama pendulo huweza kumaanisha ndiyo, nimekusikia, au endelea kusema, na si ahadi. Mkono wazi uliozungushwa kifundoni humaanisha hakuna. "Haan ji" ya mtumishi wa chini mbele ya mkubwa wake mara nyingi ni "nakusikia, bwana". Mswahili aliyelelewa kwa "tutaona" na "Mungu akipenda" hana sababu ya kushangaa. Anachohitaji ni kuukumbuka ujuzi alionao kwao.

Acha maswali ya ndiyo au hapana. Ukiuliza "Mzigo utakuwa tayari Ijumaa?" utaambiwa ndiyo, kwa kuwa hapana ingekukera. Uliza: "Kazi gani imebaki, na ni nini kinachoweza kuichelewesha?" Swali hilo humpa mtu nafasi ya kukueleza ukweli bila kukukatalia. Muulize akiwa peke yake, wala si mbele ya bosi wake. Kisha mwandikie ujumbe wenye tarehe mliyokubaliana, na usome anachojibu pamoja na asichojibu.

Ukipata jibu laini mara mbili kwa ombi la hisani, acha kuomba. Kumbana mtu mpaka atamke "hapana" kwa mdomo wake ni kumdhalilisha, na hutaambulia chochote zaidi ya neno ambalo ulishalijua.

Hatua ya tano: ndoa

Hakuna mahali ambapo ustadi wa kukataa umefanyiwa kazi zaidi kuliko katika kutafutiana wachumba. Familia inapomkataa kijana au binti aliyeletwa, mara nyingi hutumwa habari kwamba nyota zao za kuzaliwa hazikulingana. Kila mmoja anaelewa, hakuna aliyetukanwa, na mazungumzo yanafungwa. Ukiwa upande wa walioletewa habari hiyo, usiombe nyota zikapimwe upya kwa mnajimu mwingine, wala usitume mshenga wa pili.

Mambo ni magumu zaidi anapokataa bwana au bibi harusi mwenyewe huku wazee wameshakubaliana. Mfano mkubwa ni wa Rukhmabai wa Bombay (leo Mumbai), aliyezaliwa mwaka 1864 na kuozwa akiwa na umri wa miaka 11. Alibaki kwao akisoma, na mumewe alipomshitaki mwaka 1884 ili aamriwe kwenda kuishi naye, alikataa kwa hoja kwamba hakuiridhia ndoa hiyo. Jaji wa kwanza alimpa haki. Rufaa ikageuza mambo, na mwaka 1887 akaamriwa aende kwa mume au afungwe miezi sita. Alijibu kwamba yu tayari kwa kifungo. Kesi ilimalizwa kwa mume kulipwa fedha, Rukhmabai akaenda London kusomea udaktari, akahitimu mwaka 1894, na akarudi kutibu wanawake wa Surat. Kesi yake ni miongoni mwa mambo yaliyochochea mjadala uliozaa sheria ya mwaka 1891 iliyopandisha umri wa ridhaa wa wasichana kutoka miaka 10 hadi 12. Namtaja kwa kirefu kwa sababu wapo wanaosema kwamba kukataa ni tabia iliyoletwa juzi na televisheni, ilhali Mhindi huyu alikuwa tayari kufungwa kwa ajili yake zaidi ya miaka 130 iliyopita.

Sheria ya leo inamwelemea zaidi anayelazimisha. Umri wa chini wa kuoa ni miaka 21 na wa kuolewa ni 18, upande wa bwana harusi kudai mahari, "dahej", kutoka kwa familia ya binti kumekatazwa tangu mwaka 1961, na mwaka 2018 Mahakama ya Juu ilisema kwamba watu wazima wawili wanaopendana hawahitaji idhini ya ukoo kuoana. Hata hivyo sheria haiingii sebuleni. Anayetaka kukataa na aseme mapema, kabla familia hazijapeana zawadi, kwa maana baada ya hapo kukataa kunageuka aibu ya hadharani. Atafute mkubwa mmoja wa kumwamini, mara nyingi mjomba au shangazi, amsemee. Aeleze anachotaka kufanya, kama kumaliza masomo, badala ya kumkosoa mchumba. Na akiona dalili za vitisho, aache kubishana nyumbani na atafute msaada nje: namba 181 ni ya wanawake, 112 ni ya dharura, na 1098 ni ya watoto.

Hatua ya sita: hospitalini

Wagonjwa wengi wa kwetu huambatana na ndugu, na madaktari wa India, kama jamaa zetu, wamezoea kuzungumza na ndugu kuliko mgonjwa. Jueni kwamba mwaka 2008 Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mwanamke aliyeridhia uchunguzi, akalazwa kwa dawa ya usingizi, kisha akaondolewa kizazi kwa idhini ya mama yake. Mahakama ilisema kwamba ridhaa ya uchunguzi si ridhaa ya upasuaji, na kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ndiye anayeridhia mwenyewe. Kabla ya kutia sahihi, uliza fomu inaruhusu nini, omba mkalimani, na kama hutaki jambo fulani lifanyike, liandikwe.

Hatua ya saba: mwilini, mchezo wa mezani unakoma

Desturi ya kutoihesabu "nahin" ya kwanza ni ya ukarimu ikihusu chapati. Ikihamishiwa kwenye mwili wa mtu, ni uhalifu. Nyimbo nyingi za sinema zimemwonyesha kijana akimfuata msichana mtaa kwa mtaa mpaka akubali, na wapo waliokua wakiamini kwamba hivyo ndivyo mapenzi yanavyoanza. Mahakamani nako fikra hiyo imewahi kuonekana: mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Delhi, ikimwachia huru mshitakiwa, ilisema kwamba hapana iliyotamkwa kwa unyonge huenda ikamaanisha ndiyo. Nasimama na wote walioupinga msemo huo. Mwanamke aliyefundishwa tangu utotoni asiseme "sitaki" kwa sauti hawezi kuadhibiwa kwa kuisema kwa sauti ya chini.

Sheria yenyewe imeandikwa vizuri zaidi kuliko hapo. Baada ya tukio la Delhi la Desemba 2012, ambapo binti alibakwa na genge ndani ya basi, na ripoti ya kamati ya Jaji J. S. Verma, mabadiliko ya mwaka 2013 yalieleza ridhaa kuwa ni makubaliano ya hiari yasiyo na utata, na kwamba kutopigana hakuhesabiwi kuwa kukubali. Maneno hayo yamo pia katika kanuni mpya ya adhabu, Bharatiya Nyaya Sanhita, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2024. Kifungu chake cha 78 kinamhusu mwanamume anayemfuata au kumtafuta mwanamke tena na tena ilhali ameshaonyesha wazi kwamba hataki. Adhabu ni kifungo cha hadi miaka 3, na hadi 5 akirudia. Pengo kubwa limebaki: mume hashitakiwi kwa kumbaka mke mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Na wapo wanawake waliomwagiwa tindikali kwa sababu tu walikataa posa, kosa ambalo tangu mwaka 2013 lina kifungo kisichopungua miaka 10.

Kwa maisha ya kila siku, zingatia haya. Siku ya Holi, sikukuu ya Wahindu, watu hupakana rangi huku wakisema "bura na mano, Holi hai", usikasirike, ni Holi, na msemo huo hutumiwa kufunika mikono isiyo na adabu. Usiyetaka, sema "sirf tika", alama ndogo ya paji la uso tu, au ubaki ndani mpaka mchana upite. Na wewe usimpake mtu asiyekuinamishia kichwa. Watu wasiokujua wakikuomba kupiga picha nawe, kama inavyowatokea Waafrika wengi huko, kubali ukitaka, na usipotaka kutanisha viganja na uendelee na safari yako. Chuoni, kuonewa na wanafunzi wa miaka ya juu, kunakoitwa "ragging", kumekatazwa, na namba ya kuripoti ni 1800-180-5522. Kazini, kila mwajiri mwenye watu 10 au zaidi lazima awe na kamati ya kupokea malalamiko ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya wanawake, na lalamiko hupelekwa ndani ya miezi 3.

Na ukiwa wewe ndiye uliyemtamani mtu naye hakukubali, hata kama alisema tu kwamba ana shughuli, au alijibu ujumbe wako kwa neno moja kisha akanyamaza, hesabu kwamba umejibiwa. Mwambie "theek hai, koi baat nahin", sawa, si neno. Usimuulize sababu, usitume rafiki akusemee, usibadilishe kiti chako darasani ili uwe karibu naye, na usimwandikie kwa namba nyingine. Mkilazimika kukutana maabara au ofisini, msalimie kama unavyowasalimia wengine wote, zungumza naye kuhusu kazi iliyowakutanisha, na uondoke kazi hiyo inapokwisha.